Kiacheni kiplefti

Mwezi huu ni mara ya tatu, na safari hii sikuweza kunyamaza. Tumo ndani ya Hiace ya Njiro, konda anauliza, "Kuna wa kushuka kiplefti cha Impala?" Kijana mmoja mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni akamrekebisha kwa sauti iliyofika hadi siti ya nyuma: "Siyo kiplefti bwana, ni roundabout. Ndiyo maana wageni wanatucheka." Konda, chalii wa watu, akajibu bila kugeuka: "Haya braza, hapo roundabout unashuka?"

Hakushuka.

Mimi nafundisha wageni Kiswahili na kufasiri mikataba hapa Arusha. Tofauti za Kiswahili na Kiingereza ndizo zinazoniwekea ugali mezani, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Wageni hawacheki kiplefti. Wanafunzi wangu wakikutana nacho wanafurahi kama waliookota hela njiani.

Tuanze na ngeli, tena haraka, maana hili lilipaswa kuishia darasa la tano. Vibao vya barabarani viliandikwa KEEP LEFT. Jina la kibao likahamia kwenye mzunguko wenyewe, na kwa kuwa linaanza na ki-, likapokelewa kwenye ngeli ya KI-VI: kiplefti kimefungwa, viplefti vimefungwa. "Kitabu" kilipita mlango huohuo. Kwa Waarabu ile ki- si kiambishi, ni sehemu ya neno, na wingi wake ni kutub. Sisi tukasema vitabu. Sijawahi kumsikia abiria akimrekebisha mwenzake kwamba si vitabu, ni kutub.

Ninalolipenda kuliko yote ni digadi. Mwingereza alileta "mudguard", kitu kimoja. Fundi akasikia "madigadi", akaona hiyo ma- ni ya wingi, basi umoja wake akautoa mwenyewe: digadi. Nenda gereji yoyote ya mtaa wa Unga Limited, agiza digadi la mbele, uone kama utaletewa kitu kingine.

Na Waingereza je? Njegere kwao zamani iliitwa "pease". Ile s ilikuwa ya neno lenyewe, lakini watu wakaisikia kama ya wingi, wakaikata, ikabaki "pea". "Cherry" nayo walipoichukua kwa Wafaransa ilikuwa na s mwishoni, wakaifanyia vilevile. Udigadi mtupu! Na leo wanaufundisha shuleni.

Tukitaka kuhesabiana makosa, basi mimi naanza na safari. Kwetu kwenda Himo msibani ni safari. Kwenda Dodoma kufuatilia faili ni safari, tena ndefu. Kiingereza kilipoichukua kiliibana hadi ikabaki kuangalia tembo. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anaondoka kwenda uwanja wa ndege wa KIA, anarudi kwao, mlinzi akamuaga kwa "safari njema". Mama wa watu akashangaa: "Lakini safari nimemaliza jana!" Sijasikia kijana yeyote wa London mwenye kitambulisho shingoni akimrekebisha mtu juu ya hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulipita juu juu. Kutumia neno lililokwisha kuwa la Kiswahili ni kitu kimoja. Kusema Kiingereza chenyewe huku kichwani unafuata Kiswahili ni kingine. Chukua kubipu. Sote tunajua: unapiga, ikiita mara moja unakata, mwenye salio atapiga. Ni neno lililozaliwa na uhaba wa vocha, na maana yake imekamilika. Kwa Mwingereza "beep" ni mlio tu, wa honi au wa mashine. Dereva mmoja wa watalii akamwandikia mgeni wake, kwa Kiingereza, kwamba akifika ata-"beep". Mgeni akakaa mapokezi akitegea honi. Dereva yuko getini, ameshabipu mara mbili, anasubiri mtu atoke. Mgeni aliziona simu zilizokatika akadhani ni mtandao. Dakika arobaini! Halafu kila mmoja akanipigia mimi kumlalamikia mwenzake. Hapo nakubali kurekebisha, maana neno lilivuka mpaka likarudi kwao na maana wasiyoijua.

Lakini hata huo mpaka wenyewe siuamini sana. Mgeni anajikwaa, dada wa jikoni anamwambia "sorry". Mgeni anashangaa: "Kwa nini? Si wewe uliyenisukuma." Dada alikuwa anasema pole. Kwa miaka mingi nililisahihisha hilo kwa kalamu nyekundu. Siku hizi sijui nilikuwa nasahihisha nini. Arusha hii ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkenya na Mganda wakikaa kikao hapa, mmoja akimwagikiwa chai, mwenzake atasema "sorry" na wataelewana bila mkalimani. Neno linaloeleweka na watu wote hao, kosa lake liko wapi? Nimeiweka kalamu chini. Nawaambia tu wageni kwamba hapa "sorry" ni pole, msimtafute mwenye hatia.

Turudi kwa yule kijana. Nilimgeukia nikamweleza habari ya kutub, akacheka kwa adabu, akasema: "Nakuelewa mwalimu, lakini mwisho wa siku lazima tuongee kwa usahihi."

Mwisho wa siku! Saa mbili asubuhi!

Kwa Kiswahili mwisho wa siku ni jioni: watoto wameoga, kuku wamefungiwa, jiko limewashwa. Alichosema yeye ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Hatimaye lipo, mwishowe lipo, yote kwa yote ipo. Kiplefti ni neno la Kiingereza linalotii Kiswahili. "Mwisho wa siku" ni maneno ya Kiswahili yanayotii Kiingereza. Na anayelisema ndiye anayemfundisha konda kuongea!

Kwenye kundi hilo wamo "uwe na siku njema" na wanaosema fulani "amecheza nafasi kubwa" kwenye maendeleo ya kata, kama vile kata ni timu. Hao naweza kuwavumilia. Linaloninyima usingizi ni changamoto.

Changamoto imetokana na kuchangamka. Ni kitu cha kukuamsha: mtoto anapewa hesabu ngumu kidogo ili akili ichangamke. Kisha likabebeshwa maana ya "challenge" ya maofisini, ambalo hata kwao ni neno la kufunikia aibu. Sasa maji yakikatika Sakina ni changamoto. Kalvati likisombwa, changamoto. Mhasibu akila michango, changamoto. Wakati maneno tunayo, na kila moja lina kazi yake. Hitilafu inamwita fundi. Upungufu unataka kipimo: unapungua kiasi gani? Kero ina mtu anayeumia, muulize. Kikwazo kiko njiani, kiondoe. Dosari iko kwenye kitu, ioneshe. Uzembe una jina la mtu. Changamoto haina mwenyewe, na nadhani ndiyo sababu inapendwa. Nikipewa ripoti ya kufasiri imejaa changamoto, inabidi nimpigie aliyeiandika: hii ya ukurasa wa nne, kitu kiliharibika, hakikutosha, au kuna mtu hakufanya kazi? Wengi hukasirika. Mmoja aliniambia, "Weka tu challenge, mwalimu, wataelewa."

Wapo wenzangu wa kazi wanaosema nami ni kijana wa Hiace tu, ila nimezeeka. Maneno hubadilika, wananiambia. Gereza limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa, na hakuna anayelalamika. Changamoto iache ibadilike. Wana hoja, na jibu langu lina tundu. Huwa najitetea kwamba kiplefti kilituongezea neno, ilhali changamoto imefukuza maneno sita. Kisha wananikumbusha kwamba mzunguko tulikuwa nao, na kiplefti ndicho kilichousukuma pembeni. Hapo huwa naagiza chai nyingine.

Jana usiku nilifungua masomo niliyowaandikia wanafunzi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikatafuta changamoto. Zikatoka kumi na moja. Saba nimezipa majina yake. Tatu nimefuta sentensi nzima, kumbe hazikuwa zinasema kitu. Moja bado ipo, somo la tisa. Naizunguka tangu asubuhi, sijaona pa kutokea.