Makundi ya darasani: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Wengi wetu walimu tunaamini kwamba wanafunzi wakihesabu "moja, mbili, tatu" mpaka wa mwisho, makundi yamegawanywa kwa haki. Njia hiyo inatenganisha marafiki, basi. Bahati inaweza kuwaweka pamoja watoto wanne ambao bado wanahangaika kusoma, na kundi lile likakaa kimya kipindi kizima.

Hata anayetumia orodha ya alama hukosea akihesabu upande mmoja tu. Chukua wanafunzi 48, makundi 12, kila kundi watu wanne. Ukishuka na orodha huku ukianza upya kila baada ya kumi na mbili, kundi la kwanza linapata wa 1, wa 13, wa 25 na wa 37. La mwisho linapata wa 12, wa 24, wa 36 na wa 48, yaani kila mzunguko linaachiwa aliye chini. Hesabu kwa kwenda na kurudi: wa 12 akishaingia kundi la mwisho, wa 13 naye aingie humohumo, kisha urudi nyuma hadi kundi la kwanza. Sasa la kwanza lina wa 1, wa 24, wa 25 na wa 48. La mwisho lina wa 12, wa 13, wa 36 na wa 37. Jumlisha nafasi zao, utapata 98 kwa yote mawili. Hapo ndipo uangalie wasichana na wavulana wamekaaje, nani hasikii vizuri, nani na nani wamegombana, ubadilishe wachache.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba kipanga akichanganywa na wenzake anapunjwa. Noreen Webb, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wanavyosaidiana katika makundi, alionyesha kuwa anayeeleza kwa kina hufaidika na maelezo yake mwenyewe. Anayepewa jibu tupu ndiye asiyepata kitu. Sikiliza kundi likijumlisha robo tatu na nusu. Mmoja akisema, "Ni moja na robo, andikeni," kazi imeisha na hakuna aliyejifunza. Lakini mwenzake akiuliza, "Hiyo nusu umeifanyaje?" kipanga analazimika kuonyesha kuwa nusu ni robo mbili, na mara nyingi hapo ndipo anagundua kwamba alikuwa amekariri kanuni tu. Kwa hiyo wafundishe watoto kuuliza "umeipataje?" kabla hujawapa kazi yoyote ya kikundi.

Wapo pia wanaodhani kwamba alama zikishachanganywa, uwiano umepatikana. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali, na kukaa darasa moja hakukuondoa uhasama. Elliot Aronson na wenzake wakaligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake wa kundi hawakuwa nacho. Wenye kipande kimoja walikutana kwanza kukielewa, kisha kila mmoja akarudi kufundisha kundi lake. Yule aliyekuwa akidharauliwa, ghafla akawa anasikilizwa. Somo la mmeng'enyo wa chakula linagawanyika hivyo vizuri: kinywa, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Mtoto wa 48 akishika utumbo mwembamba, wa 1 anamhitaji. Mimi huo ndio ninaouita uwiano.

Kwamba darasa kubwa linahitaji makundi makubwa? Hapana. Mfaransa Max Ringelmann alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wakivuta kamba: kadiri walivyoongezeka, nguvu ya kila mmoja ilipungua. Darasani ni hivyohivyo, watoto wanane wakizunguka daftari moja, wawili wanafanya kazi na sita wanatazama. Dawati la mbele ligeukie la nyuma, inatosha.

Tusiende upande wa pili tukasema kugawa kwa viwango ni kosa siku zote. Mwaka 2005, magharibi mwa Kenya, shule za msingi 121 ziligawa darasa la kwanza mara mbili baada ya kuongezewa mwalimu. Shule 60 ziligawa kwa alama, 61 kwa bahati nasibu. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walikuta kuwa waliogawanywa kwa alama walifanya vizuri zaidi, wa juu na wa chini pia, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha kwa kiwango cha watoto aliokuwa nao. Kwa kusoma silabi au kuhesabu, kaa na wa kiwango kimoja dakika ishirini. Kwa kueleza na kujadili, wachanganye.

La mwisho ni majukumu. Msichana mwenye mwandiko mzuri hufanywa katibu mwaka mzima, na mvulana mwenye sauti huwa msemaji. Zungusheni kila wiki, na matokeo ya jaribio jipya yakitoka, panga orodha upya.