Maswali ya dirishani: amoksi, doksi, metro na wenzake

Mimi ni mfamasia hapa Dodoma. Maswali haya kuhusu antibiotiki, yaani dawa za bakteria, nayasikia dirishani karibu kila siku, na mara nyingi foleni hainiachi nijibu vizuri.

Dada, dawa inajuaje kumuua bakteria ikaniacha mimi?

Haijui lolote. Inapiga kitu ambacho bakteria anacho na wewe huna. Bakteria wengi wana ukuta, na muda wote wanaukarabati. Fikiria tembe la Kigogo, ile nyumba ya udongo: lisiposilibwa udongo, mvua za Januari zinalimaliza. Amoksilini, sawa na penisilini, inamfunga mikono fundi wa kusiliba. Maji yanapenya, bakteria anavimba, anapasuka. Seli zako hazina ukuta huo.

Doksisaiklini na azithromaisini hupita njia nyingine. Zinasimamisha vijiwanda vya protini vya bakteria, ambavyo umbo lake ni tofauti na vyako.

Kirusi cha mafua hakina ukuta wala kiwanda; kinatumia vya kwako. Kwa hiyo ukinililia amoksi kwa mafua, au kwa pua iliyowashwa na vumbi la Agosti, utapona siku ileile ambayo ungepona bila dawa, ila tumbo limevurugika bure.

Kwa nini nikimeza naharisha?

Tumboni mna bakteria wako wa siku zote, na dawa haiwabagui. Wakipungua, choo kinalegea. Wanawake wengine hupata fangasi ukeni kwa sababu hiyohiyo. Kunywa maji ya kutosha. Kukiwa na damu, homa au kuharisha kusikokoma, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi, nenda hospitali.

Basi nina aleji ya amoksi?

Kuharisha si aleji. Nakutana na watu wazima wanaoikwepa dawa nzuri maisha yao yote kwa sababu ya tumbo la utotoni. Aleji ya kutisha ni vipele vya kuwasha vinavyotokea ghafla, midomo na uso kuvimba, kifua kubana. Hapo usisubiri asubuhi, kimbia hospitali. Na ukimeza Septrin, antibiotiki nyingine, ukaona vidonda mdomoni au ngozi inaanza kubanduka, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Nimepewa doksi. Kifua kinawaka kama nimemeza kaa la moto.

Ulimeza na maji kidogo ukalala, sivyo? Kidonge kimekwama kooni na kinachoma. Meza na glasi nzima ya maji, ukae wima angalau nusu saa. Usimeze pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu wala dawa za kiungulia; vinaishika doksi tumboni isiingie mwilini. Achanisha kwa saa mbili au tatu. Jua nalo: doksi huifanya ngozi iungue upesi, hata nyeusi, na jua la huku halina huruma. Vaa kofia na mikono mirefu. Mjamzito na mtoto mdogo wasipewe bila daktari kuamua, kwa sababu ya meno na mifupa.

Metro (metronidazoli) na wanzuki, pombe ya asali?

Hapana. Na mvinyo wa zabibu zetu ni pombe pia, hata ukinywewa harusini. Watu wengine hutapika, uso ukawaka na moyo ukaenda mbio. Subiri siku mbili hadi tatu baada ya kidonge cha mwisho. Ladha ya chuma mdomoni na mkojo kuwa mweusi kidogo ni kawaida ya dawa hiyo.

Kwetu Kongwa walitugawia dawa ya macho kijiji kizima, hata wasioumwa. Kwa nini?

Ile ilikuwa azithromaisini, kwa ajili ya trakoma, ugonjwa uliofanyiwa utafiti Kongwa tangu miaka ya 1980. Bakteria wake anakaa machoni mwa watoto na kusambazwa na mikono, vitambaa na nzi. Ukimtibu mmoja, jirani anamrudishia. Dozi moja inatosha kwa kuwa dawa hubaki ndani ya mwili siku kadhaa. Mtoto hupimwa urefu ili kupata kipimo chake. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita hupakwa mafuta ya tetrasaiklini. Kichefuchefu na tumbo kuuma hutokea, huisha. Kope zilizokwisha kugeukia ndani hazinyooshwi na kidonge, zinahitaji upasuaji.

Nina UTI sugu, niongezee sipro (siprofloksasini).

Umeshameza mara ngapi, na nani alipima? Omba mkojo uoteshwe maabara. Majibu huchukua siku mbili tatu, lakini yanasema ni bakteria gani na anauawa na nini. Mara nyingine hakuna bakteria kabisa. Sipro si pipi: inaweza kuumiza kano, hasa ya kisigino. Ikianza kuuma, iache na urudi kwa daktari.

Chupa ya amoksi ya mtoto ilibaki mwezi uliopita. Ana homa tena, nimpe?

Hapana. Unga ukishachanganywa na maji, dawa inadumu takriban wiki moja, mbili ikiwa kwenye friji, soma lebo. Mlete mtoto apimwe, na hiyo chupa uje nayo niitupe mimi.