Kapi la Mfumaji Si Sanamu ya Mizimu

Dhana: Vichwa vidogo vya mti kutoka Côte d'Ivoire, vyenye nywele zilizosukwa kwa ustadi na macho yaliyofumbwa nusu, ni sanamu za kuabudiwa.

Ukweli: Vingi kati ya vile vya Waguro na Wabaule ni sehemu ya juu ya kapi la kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo. Kapi si kitu kigeni kwetu, kwani baharia wa jahazi hupitishia humo kamba ya kupandishia tanga. Chini ya kichwa kuna miguu miwili mithili ya panda ya manati, na katikati yake huzunguka kigurudumu. Kamba inayopita juu yake huning'iniza fremu mbili za nyuzi, kila moja ikishika nusu ya mtande, yaani nyuzi za urefu, hivi kwamba mfumaji akikanyaga kwa mguu mmoja, fremu moja hushuka, nyingine hupanda, na nafasi ya kupitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, hufunguka. Kinachotoka ni ukanda wa upana wa sentimita 10 hivi, ambao hushonwa na mwenzake ukingo kwa ukingo hadi nguo itimie. Makapi mengi yalifika makumbusho bila kigurudumu wala kamba, yakasimamishwa juu ya vijiti vya chuma. Si ajabu mtazamaji akapotea, hasa kwa kuwa sura hizo hufanana na za barakoa.

Dhana: Basi nakshi hiyo ni ya kuwavutia watalii.

Ukweli: Makapi mengi ya zamani yana alama za kulika kwa kamba. Ni kweli kwamba kapi lisilo na nakshi hufanya kazi ile ile, lakini lililochongwa huning'inia mbele ya macho ya mfumaji kutwa nzima, naye hufumia nje, wapita njia wakiona. Kwa maoni yangu, hiyo ni sababu tosha ya kumlipa mchongaji.

Dhana: Afrika Magharibi wanawake husokota uzi tu, kufuma ni kazi ya wanaume.

Ukweli: Kanda nyembamba kwa kawaida hufumwa na wanaume, wakiwemo Waasante wa Bonwire, Ghana, wanaosifika kwa kitambaa cha kente. Lakini huko Akwete, Nigeria, wanawake wa Kiigbo hufuma vitambaa vipana kwenye kitanda cha kusimama wima, kisicho na kanyagio wala kapi, na kwa hiyo kazi yao haina kichwa cha kuchongwa cha kuwekwa kabatini.