Mtoto kachemka baada ya sindano: maswali ya wazazi

Maswali haya hayakauki kwenye mabenchi ya kliniki ya watoto, hasa kwa walio kwenye chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Majibu yamefuata ratiba ya Tanzania. Ya Kenya haiko mbali nayo.

Kachomwa asubuhi, usiku mwili wa moto. Chanjo imemdhuru?

Hapana. Pajani kachomwa penta, inayokinga magonjwa ya aina tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na yale yanayoletwa na bakteria wa Hib, yaani nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mchokozi hapo ni sehemu ya kifaduro. Katika penta yetu anatumika bakteria mzima aliyekwisha kuuawa, na kinga ya mtoto ikimkuta hupandisha joto. Nchi nyingi tajiri hutumia vipande vyake tu. Watoto wao huchemka mara chache zaidi, ila kinga nayo huwahi kufifia.

Joto hili huanza ndani ya saa 24 na kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Shika hesabu hiyo, kwa sababu kosa la kawaida si kuogopa chanjo bali kuisingizia kila homa ya wiki nzima.

Na ile ya surua na rubela ya miezi 9?

Hesabu yake ni nyingine. Ndani yake kuna virusi hai waliodhoofishwa, nao huchukua muda kuzaliana. Homa, pengine na vipele vidogo, huja kati ya siku ya 5 na ya 12, mama akiwa ameshasahau kama mtoto alichomwa. Akichemka usiku uleule, na hakupewa chanjo nyingine siku hiyo, tafuta sababu nyingine.

Nimpe panado kabla ya kutoka nyumbani, asije akaumia?

Usimpe. Utafiti wa Jamhuri ya Czech uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watoto waliopewa parasetamo kwa kinga, kabla ya kuchemka, walitengeneza kingamwili chache zaidi dhidi ya baadhi ya magonjwa. Subiri mpaka kuwe na homa inayomsumbua. Kama shangazi yake aliyeko Uingereza anakwambia wao huambiwa wawape, hakudanganyi: kule kuna sindano ya kukinga meninjitisi B, aina ya homa ya uti wa mgongo, inayopandisha sana joto, na maelekezo hayo ni kwa ajili yake. Kwenye ratiba yetu haimo.

Akichemka nimpe kiasi gani?

Kwa uzito, si kwa umri. Ni miligramu 10 hadi 15 za parasetamo kwa kila kilo, na kilo zake zimeandikwa kwenye kadi siku hiyohiyo. Mtoto wa kilo 6 anatoshwa na mililita 2.5 za sharubati, yaani dawa ya maji, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Rudia baada ya saa 6 ikiwa joto limerudi, zisizidi dozi 4 kwa siku nzima. Soma chupa kwanza, maana ile ya matone huwa kali mara kadhaa kuliko sharubati. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini na diklofenaki, hata ikiwa imechanganywa na parasetamo, si za mtoto huyu.

Haya yote ni kwa aliyetimiza miezi miwili. Mdogo zaidi ya hapo akifika nyuzi 37.5 kwapani, apelekwe akaonwe, hata kama alichanjwa jana.

Bibi yake anataka afunikwe mablanketi, mimi nataka kumkanda kwa maji ya baridi.

Wote muache. Blanketi hulifungia joto ndani, maji ya baridi humtetemesha na joto hupanda tena. Nguo moja nyepesi, hewa, na titi mara kwa mara.

Paja limevimba.

Kitambaa kilicholowa maji ya baridi kinatosha. Usilisugue wala kulikanda kwa maji ya moto. Kinundu kigumu kinaweza kukaa wiki kadhaa bila neno.

Nikimbie hospitali lini?

Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea hata kuamka ni shida, akipumua kwa haraka au kwa kukoroma, utosi ukivimba, au akilia saa tatu bila kunyamaza. Akivimba uso au kushindwa kupumua muda mfupi baada ya sindano, msiondoke; mwiteni muuguzi palepale.

Na homa ya penta ikipita siku mbili, akapimwe. Penye mbu, mtoto anaweza kuchomwa sindano Jumatatu na kuugua malaria Jumanne. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua kama robo saa.

Wanasema mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Ni kweli?

Si kweli, na imani hiyo imechelewesha wengi. Kati ya miezi 6 na miaka 5 homa yoyote, ikiwemo ya chanjo, inaweza kuleta degedege, nayo mara nyingi huisha kabla ya dakika 5. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, usimfukize. Ikitulia mpeleke hospitali. Ikizidi dakika 5 usingoje itulie. Kwetu degedege inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hizo hutibiwa kwa sindano.

Baada ya usumbufu huu, nirudi kwa dozi ya pili?

Rudi. Homa pekee haizuii dozi inayofuata. Ila kama alipata degedege, alivimba uso au alilia saa tatu mfululizo, mwambie muuguzi kabla hajafungua kichupa. Yeye ataamua kama aendelee au akupeleke kwa daktari kwanza.