Mteremko haulipi mlima: kwa baiskeli kwenye Ngome Tatu za Monmouthshire

Wiki hii nimeulizwa tena, karibu kwa maneno yale yale: "Hiyo njia ya ngome haina mlima wa maana, ni vilima tu. Unachopanda si unarudishiwa ukishuka?" Hurudishiwi. Kazi yangu ni kupangia watu njia za baiskeli, na jibu hili nimeshalichapa kwenye simu mara nyingi mno. Leo naliweka hapa, pamoja na namba zake.

Njia yenyewe iko Monmouthshire, Wales kusini mashariki, kwenye mpaka na England, na inaunganisha ngome tatu za kale: White Castle, Skenfrith na Grosmont. Unashuka treni Abergavenny, unafuata barabara ya B4233 hadi Llantilio Crossenny, unapanda kaskazini hadi White Castle, unateremkia B4521 pale Llanvetherine, unapita Cross Ash na kufika Skenfrith. Kutoka hapo unarudi kidogo magharibi kwa B4521, unakata kulia kushika B4347 hadi Grosmont, kisha unarejea Abergavenny kwa vijia vya Llangattock Lingoed na Llanvihangel Crucorney. Ni kama kilomita 50. Kilima kirefu kilicho katikati ya ngome hizo, Graig Syfyrddin, kina mita 423 tu, na njia hii haifiki kileleni. Ndipo watu wanapodanganyika: wanatafuta kilele kwenye ramani, hawahesabu ni mara ngapi watapanda.

Hesabu ya muda kwanza, maana ndiyo inayowaumbua wengi. Panda kilomita moja kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa: dakika 6. Shuka kilomita moja kwa mwendo wa 50: dakika 1 na sekunde 12. Umekwenda kilomita 2 kwa dakika 7 na sekunde 12, yaani wastani usiofika hata 17 kwa saa. Mtu anajumlisha 10 na 50, anagawa kwa 2, anapata 30, halafu anakata tiketi ya treni ya kurudi kwa hesabu hiyo. Muda wako mwingi unaishia mlimani, kwa hiyo mwendo wa kupanda ndio unaoamua siku. Hata ungethubutu kushuka kwa kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo usilijaribu kwenye barabara hizi, ungeokoa sekunde 36. Nguvu zako nyingi za kupandia zinaliwa na upepo na breki, na upepo haucheleweshi malipo: ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wake unazidi mara nne.

Imani hii ina pacha wake, naye ndiye anayenichosha zaidi. Anasema kasi ya mteremko itakurusha juu ya kilima kinachofuata, kwa hiyo kwenye nchi ya vilima unakanyaga nusu tu ya safari. Fizikia ya kidato cha nne inatosha kumjibu. Kimo ambacho kasi inaweza kukupandisha ni kasi mara kasi, gawa kwa mara mbili ya 9.81, ile namba ya mvutano wa dunia. Ukifika bondeni na kilomita 45 kwa saa, yaani mita 12.5 kwa sekunde, jawabu halifiki hata mita 8. Ukifika na 54 kwa saa, ni mita 11 na nusu. Uzito wako haumo kwenye hesabu hii; mnene na mwembamba wanapata kimo kilekile. Na hapo bado upepo na tairi havijachukua chao.

Vilima vya kati ya ngome hizi havina kimo cha mita 8. Ni makumi ya mita kwa kila kimoja, na kile cha kutoka mtoni pale Skenfrith kinapanda moja kwa moja. Halafu ni mara chache kufika bondeni na kasi uliyoipania. Chini kabisa ndipo penye daraja jembamba, au njia panda, au kona iliyofunikwa na ua mrefu wa miti ambao huoni nyuma yake. Kona hiyo ina matope ya trekta na kokoto zilizosombwa na mvua. Unafunga breki, na zile mita 8 zinabaki mita 2.

Pacha huyu ana ukweli wake mdogo, nao niuseme. Vipo vituta vya mita 5 hadi 10 kwenye sehemu za B4233 na B4521 ambako kasi inakuvusha kweli, ukijua namna. Usiache kukanyaga wakati wa kushuka. Kanyaga taratibu na gia kubwa hadi bondeni. Mwendo ukianza kushuka, punguza gia za nyuma moja moja, usiziteremshe tatu kwa mpigo. Zile mita 20 za mwisho, simama kwenye pedali, ukae ukishavuka ukingo. Wengi wanafanya kinyume: wanapumzika kwenye mteremko, wanaanza kukanyaga kasi ikishakufa, halafu wanalaumu kilima.

Milima hii ipo njiani mwako kwa sababu ya ngome zenyewe. Mwaka 1201 Mfalme John wa England alimpa ofisa wake Hubert de Burgh ngome zote tatu zishikwe kwa pamoja, kwa kuwa zilibana njia za kati ya Hereford na Wales. White Castle iko juu ya kilima ili ione mbali. Skenfrith iko chini, kando ya mto Monnow, ili ishike kivuko. Grosmont iko juu tena, ikiutazama mto huohuo. Waliochagua mahali hapo walitaka adui ataabike kufika, na kwa mwendesha baiskeli wamefaulu kabisa. Kwa hiyo ukienda kwenye ngome ya kilimani unamalizia kwa kupanda, na ukitoka kwenye ngome ya mtoni unaanza kwa kupanda na miguu ya baridi. Hili la pili ndilo baya zaidi. Kula kidogo Skenfrith, jaza maji, zunguka mnara wake wa duara uliosimama peke yake katikati ya kuta, lakini mlo wenyewe ungoje Grosmont. Tumbo lililojaa halipandi vizuri kutoka mtoni.

Sasa gia. Ukisoma kwamba kilomita fulani ina mwinuko wa wastani wa asilimia 5, yaani mita 5 za kupanda kwa kila mita 100, hujaambiwa kitu. Inaweza kuwa na mita 300 za asilimia 13, ambazo peke yake zinakula mita 39, mita 300 za asilimia 4, na mita 400 zilizobaki karibu tambarare. Wastani ni uleule, maumivu ni mengine kabisa. Milima ya Alps ni mirefu lakini barabara zake kuu nyingi zinapanda kwa asilimia 6 hadi 9 kwa utulivu; unapata mwendo wako, unaushika saa nzima. Vijia vya mpaka wa Wales vilifuata nyayo za ng'ombe na mikokoteni, havikupimwa na mhandisi, na havioni haya kukurushia asilimia 15 ghafla nyuma ya kona.

Chukua mtu, baiskeli na maji, jumla kilo 85. Kupanda asilimia 12 kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa kunataka kama wati 230. Waendeshaji wa kawaida hawawezi kutoa hizo kwa muda mrefu, kwa hiyo mwendo unashuka hadi 6, unaotaka kama wati 170. Kwa gia yenye meno 34 mbele na 28 nyuma, 6 kwa saa ni mizunguko 39 ya pedali kwa dakika. Goti linabeba kazi ambayo pafu lilipaswa kuibeba. Kwa 34 na 34 unapata mizunguko 47. Bado si raha, lakini unapita. Kwa baiskeli ya zamani yenye 39 mbele na 25 nyuma, mizunguko 30, na hapo unashuka na kusukuma. Ndiyo maana nasema 34 kwa 34 ni kiwango cha chini cha njia hii kwa asiye mshindani. Anayeniambia gia ndogo ni za wanyonge aje nazo zake kilima cha tatu.

Kubadilisha gia ya mbele ndiko kunakoangusha cheni za watu. Usingoje mlima ukushike. Mteremko ukiisha, miguu ikiwa bado inazunguka kwa wepesi, shusha mbele kutoka 50 hadi 34, na papo hapo ongeza uzito nyuma kwa gia mbili ili miguu isizunguke bure. Kisha rudisha nyuma moja moja kadiri mlima unavyokaza. Ukishusha mbele huku umekandamiza pedali kwa nguvu zote, cheni inadondokea ndani, upande wa fremu. Ikitokea, usikanyage kwa hasira. Legeza mguu, zungusha polepole, pandisha kwenye gia kubwa ya mbele, mara nyingi inajinasa yenyewe. Ikidondoka kila mara, skrubu ya kuzuia upande wa ndani imelegea: ikaze robo mzunguko, jaribu, rudia.

Jambo moja ambalo vitabu vya mwongozo vinalificha: namba ya jumla ya mita utakazopanda siyo ya kuapia. Programu zinapima kwa ramani ya vimo yenye miraba mikubwa; kijia kilichozama katikati ya kingo mbili kinaonekana kipo juu ukingoni, na vituta vidogo vinafutika. Kifaa kinachopima kimo kwa mgandamizo wa hewa kinaviona vituta, lakini mvua ikija mgandamizo unabadilika na kifaa kinakupa mlima usiokuwepo. Vifaa viwili kwenye njia moja vikitofautiana mita 100 kwa kilomita 50, usigombane na mwenzako. Mimi natazama uwiano tu: ukizidi mita 15 kwa kila kilomita, napanga mwendo wa kilomita 17 au 18 kwa saa kwa mtu anayekwenda 25 kwenye tambarare, na bado sihesabu muda wa kutembelea ngome.

Tairi: upana wa milimita 28 unatosha, 32 ni bora. Kwa mtu wa kilo 75, anza na psi 70 (kipimo cha upepo wa tairi) kwenye 28 na kama 55 kwenye 32, urekebishe kwa kuhisi. Kuanzia Septemba wakulima wanakata nyua za miiba, na vipande vinatapakaa barabarani. Beba tyubu mbili, na kabla ya kuweka mpya pitisha kidole ndani ya tairi hadi uupate mwiba, la sivyo utapata pancha ya pili baada ya mita 200. Mwendo ni wa kushoto kama Kenya na Tanzania. Kijia kikiwa na nyasi katikati, shika mstari mmoja wa matairi, usivuke nyasi zikiwa zimelowa. Ukikuta farasi, punguza mwendo na useme kitu mapema. Wanaogopa baiskeli kwa sababu haina sauti.

White Castle utaingia kwa daraja la mbao juu ya handaki ambalo bado lina maji. Weka vifuniko vya mpira chini ya viatu vya kunasa pedali, kwani plastiki ya kunasia iliyo chini ya viatu hivyo, juu ya mbao iliyolowa na ngazi za mawe ni kuanguka. Skenfrith na Grosmont hazina kiingilio.

Kutoka Llanvihangel Crucorney usijaribiwe na barabara kuu ya A465, ingawa ni fupi na imenyooka. Malori yanapita kasi. Shika barabara ya zamani ya Hereford kupitia Pantygelli. Nayo inapanda kabla haijakuteremsha mjini, kwa hiyo bakisha chakula cha mfukoni na dakika 20 za ziada kabla ya treni.