Dhima kali kwenye kesi za dawa za tenisi maana yake nini

Tangu mchezaji tenisi Jannik Sinner wa Italia afungiwe miezi mitatu mwaka 2025 kwa kukutwa na dawa iliyokatazwa michezoni, kila nikipita viwanja vya tenisi vya Lugogo hapa Kampala nasikia swali lilelile: kama wenyewe walikubali hakukusudia, wamemfungia ya nini? Na mwingine pembeni anajibu aah, huyo alitumia tu, pesa ndo zimemwokoa. Wote wawili wanaruka neno moja, na bila kulielewa hilo neno hizi kesi zote zitaonekana kama uchawi. Wanasheria wanaliita dhima kali.

Dhima kali ni hivi: kitakachokutwa ndani ya mwili wako ni chako, ujue usijue, utake usitake. Maabara ikishakuta dawa iliyokatazwa kwenye mkojo wako kosa limeshakuwepo, hakuna mtu anayelazimika kuonyesha kwamba ulikusudia. Kwa sisi wa Kampala mfano wa karibu ni zile faini za barabarani za kamera (EPS) zilivyokuja Juni 2025, faini ilifuata namba ya gari, hata kama siku hiyo alishika usukani shemeji yako wewe mwenye gari ndo ulitafutwa kwanza, habari za nani aliendesha zilikuja baadaye. Mnakumbuka kelele zilizopigwa. Wachezaji tenisi wanaishi na kitu kama hicho kila siku.

Na mimi nasema wazi, sheria yenyewe ni ya haki. Fikiria wangelazimika kuthibitisha nia, nani atakubali kwamba alikusudia? Kila mtu atasema sikujua, nilipewa, nilichanganyiwa kwenye juisi, na kesi zote zingefia hapo. Halafu kuna yule wa upande wa pili wa neti, yeye alicheza na mwili wenye dawa, kwake haibadilishi kitu kama mwenzake alijua au hakujua.

Ndo maana hata kuchukua sampuli kunafanywa kwa ukali. Mechi ikiisha kuna mtu anakufuata hatua kwa hatua, hakuachi macho hata ukienda kuoga. Ukifika kwenye chumba unachagua mwenyewe kikombe kilichofungwa, unakojoa huku afisa wa jinsia yako anaangalia kabisa mkojo unavyotoka, lazima ufike mililita 90, mchezaji aliyetoka jasho masaa matatu anaweza kukaa hapo mpaka usiku anakunywa maji tu. Halafu unamimina kwenye chupa mbili, A na B, unafunga vifuniko kwa mkono wako mwenyewe na vikishafungwa havifunguki tena mpaka maabara. A ikionyesha dawa una haki ya kudai B ipimwe.

Sasa sehemu ambayo watu wengi inawapita ni kwamba dhima kali inahusu kosa, haimalizi habari ya adhabu. Hizo ni hatua mbili tofauti. Kwa dawa nzito kama steroidi hesabu inaanzia miaka 4, na hapo mzigo unahamia kwako mchezaji. Ukithibitisha hukukusudia inashuka miaka 2, ukionyesha uzembe wako ulikuwa mdogo inashuka tena, ukionyesha hukuwa na uzembe hata chembe unaachiwa. Ila kwa kawaida huachiwi mpaka uonyeshe ile dawa iliingiaje mwilini, na hapa ndipo haki inapoanza kuyumba.

Chukua Sinner. Machi 2024 alikutwa na klostebol, aina ya steroidi, mara mbili, kiasi kidogo mno. Maelezo yake ni kwamba mkandaji wake alijikata kidole, akajipulizia dawa ya kidonda iliyonunuliwa duka la dawa Italia, halafu akamkanda mchezaji bila glavu. Jopo huru likakubali kwamba hana kosa wala uzembe, lakini hata hivyo alinyang'anywa pointi 400 na dola 325,000 za mashindano ya Indian Wells, hiyo ndo dhima kali ikifanya kazi yake. Baadaye WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, ikakata rufaa ikisema mchezaji anabeba pia uzembe wa watu wake, mwisho wakapatana nje ya mahakama ya michezo ya CAS, miezi mitatu kuanzia 9 Februari mpaka 4 Mei 2025. Miezi hiyo haikugusa hata shindano moja kati ya yale manne makubwa, na mimi hilo linaniuma kwa sababu adhabu inayopatikana kwa mapatano mtu wa chini ataiamini vipi?

Iga Świątek wa Poland, naye mchezaji tenisi, alikutwa na trimetazidini, dawa ya moyo, Agosti 2024. Chanzo kikaonekana ni vidonge vya melatonini vya kumsaidia kulala, vilivyotengenezwa na kuuzwa Poland, vilivyochafuliwa kiwandani. Akapewa mwezi mmoja. Yeye na Sinner waliwahi kupinga kusimamishwa kwa muda ndani ya zile siku kumi za mwanzo, wakashinda, kwa hiyo majina yao hayakutangazwa mpaka mambo yameshaiva.

Na Simona Halep, mchezaji wa Romania, je? Alipimwa kwenye mashindano ya US Open 2022, ikakutwa roksadustati, dawa ya upungufu wa damu, Oktoba akasimamishwa na dunia nzima ikajua mwezi huohuo. Kesi ikasikilizwa mwaka uliofuata, Septemba 2023 akapigwa miaka 4. Machi 2024 CAS ikakubali kwamba kirutubisho chake kilichafuliwa na ikasema adhabu stahiki ni miezi 9. Miezi tisa, na mama wa watu alikuwa ameshakaa nje karibu 17! Hakuna wa kumrudishia ile mingine, na Februari 2025 akastaafu. Sheria ni ileile ya dhima kali, kilichomuua ni muda.

Mchezaji mwenzao Novak Djokovic alisema hadharani kwamba wachezaji wengi hawaoni haki na kwamba wenye majina makubwa na mawakili wazuri wanatendewa tofauti. Mimi sidhani kuna mtu amekaa ofisini anapendelea. Naona ni kwamba kuthibitisha chanzo kunataka wakili wa haraka, mtaalamu wa kemia, maabara ya kupima vidonge vyenye bachi namba ileile (namba ya toleo la kiwandani), yote ndani ya siku chache, na mchezaji wa namba 400 duniani ambaye anahangaikia nauli ya ndege atavitoa wapi.

Sasa ilete hapa kwetu. Binti wa dada yangu anacheza pale Lugogo, ana ndoto zake. Mwezi uliopita alikuwa na mafua nikampeleka duka la dawa la mtaani, muuzaji akachukua ile karatasi ya vidonge inayong'aa, akaikata na mkasi, akatupa vidonge sita kwenye kibahasha cha kaki, juu akaandika 1x3 kwa kalamu, basi. Jina la dawa halipo, na bachi namba imebaki kwenye kile kipande kingine alichokirudisha kwenye kabati. Siku binti huyu akikutwa na kitu mwilini ataonyesha nini? Kibahasha? Świątek alikuwa na vidonge vya kupeleka maabara, huyu wetu hata jina la alichomeza halijui.

Nikamwambia muuzaji naomba boksi zima, akashangaa, akasema itakuwa bei mara tano. Nikalipa. Sasa nyumbani tuna kopo la plastiki la maziwa ya unga, kila dawa anayokunywa binti tunaweka humo boksi lake, risiti, na vidonge viwili ambavyo haruhusiwi kuvimeza, na tarehe tumeandika kwa makapeni. Dada yangu anasema ninazidisha. Kopo liko juu ya kabati, hajalitoa.