"Fundi, Hakina Hata Ua, Punguza Bei"

Wateja wa hapa Tabora siku hizi wanakuja na picha kwenye simu: kiti cha mninga kisicho na pambo, mgongo mwembamba, miguu imetanuka kidogo na kuchongoka chini, sura ya miaka ya 50 na 60. Wanakitaka kweli. Nikitaja bei, uso unabadilika: "Fundi, hakina hata ua moja, mbona bei ya kiti cha nakshi?" Jamani.

Nakshi huficha mengi. Kiungo kikiacha mwanya, fundi anachanganya gundi na unga wa mbao, anaziba, anachonga ua juu yake na kupiga vanishi nzito. Nani ataona? Kiti kitupu hakina pa kufichia. Ulimi, ile ncha ya ubao inayoingia kwenye ubao mwingine, usipokaa sawasawa kwenye tundu lake, mstari mweusi unaonekana tangu mlangoni. Droo tatu za mbele ya kabati nazikata kwenye ubao mmoja kwa kufuatana, ili nyuzi zipite moja kwa moja kutoka droo hadi droo. Ubao wenye fundo pabaya nauweka kando, na hela yake nimeshalipa.

Kuna na mbao kucheza. Mbao hupungua na kuvimba kwa upana. Urefu karibu haubadiliki. Mninga umejaliwa kutulia kuliko miti mingi, lakini ukiupigilia misumari pande zote ukiwa mbichi, kiangazi cha hapa kitaupasua. Meza iliyotulia Tabora ikifika Dar es Salaam, hewa ya bahari inaivimbisha. Kwa hiyo uso wa meza naufunga kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, upate pa kusogea. Kazi hiyo iko chini ya meza, huioni, na unapaswa kuilipia. Ukienda kwa fundi yeyote, kabla ya bei muulize mbao zimekaa kivulini muda gani. Akibabaika, ondoka.

Wateja huniambia pia: "Miguu myembamba itavunjika." Fundi samani Mjerumani, Michael Thonet, alitoa kiti chake namba 14 mwaka 1859: vipande sita vya mbao, vingine vimepindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Ni chembamba, na kimejaa mikahawani Ulaya hadi leo. Nguvu iko kwenye kiungo na kwenye nyuzi zinazofuata urefu wa mguu. Anayebembea kwa miguu miwili ya nyuma atavunja hata kiti cha gogo.

"Ladha ya zamani ni kukichakaza." Hapana! Kiti cha mviringo cha mbunifu Hans Wegner wa Denmark, cha mwaka 1949, ndicho walichokalia wagombea urais wa Marekani, Kennedy na Nixon, kwenye mdahalo wa televisheni mwaka 1960, na hakuna aliyekipiga nyundo kionekane kizee. Tunachorudisha ni umbo. Usiniletee rangi nyeusi nikuzeeshee mninga mzuri.

"Vanishi ing'ae ndiyo ilinde." Kung'aa ni sura tu. Ile isiyong'aa inalinda vilevile, na haitangazi kila mkwaruzo na kila chembe ya vumbi letu. Mimi napenda mafuta ya kitani: paka tabaka jembamba, futa, subiri likauke, rudia. Ila matambara uliyopakia mafuta usiyarundike kwenye kona ya karakana. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje, moja moja, hadi yawe makavu kabisa.